Mwizi wa London na Mwizi wa Mkonge

Mwaka 1926 jukwaa la Wyndham's mjini London lilionyesha mchezo wa kuigiza wa Edgar Wallace ulioitwa The Ringer. Kisa chake ni cha muuaji hodari wa kujigeuza sura, ambaye polisi wanamsaka bila kuujua uso wake. Anamwinda wakili mlaghai, Meister, kwa kuwa dada yake aliachwa mikononi mwa wakili huyo na akaishia kufa. Polisi wanaijaza nyumba ya Meister ili wamlinde. Wakili anauawa humohumo, mbele ya macho yao, na ndipo inapobainika kwamba mkaguzi wa polisi aliyekuwa akiingia na kutoka tangu mwanzo alikuwa muuaji mwenyewe aliyejivika cheo cha mtu mwingine. Kisha anaponyoka, na watazamaji wanakwenda makwao wakiwa wamefurahi. Mwaka 1928 mchezo huo ukageuzwa filamu bubu, ikiongozwa na Arthur Maude kwa kampuni ya British Lion, ambayo Wallace alikuwa mwenyekiti wake.

Mwaka uliofuata Alfred Hitchcock alitoa Blackmail, nayo imetokana na tamthilia, ya Charles Bennett. Ilitengenezwa mara mbili, moja bubu na nyingine yenye sauti, kwa sababu kumbi nyingi za Uingereza zilikuwa bado hazijafungwa mitambo ya sauti. Humo binti anamuua mwanamume aliyetaka kumbaka. Mchumba wake, ambaye ni mpelelezi, anaikuta glavu ya binti huyo mahali pa mauaji na kuitia mfukoni. Anayekufa mwishoni, akiwa amekimbizwa na polisi hadi juu ya kuba la Jumba la Makumbusho la Uingereza, ni mtu aliyetaka kuwatoza fedha ili anyamaze. Mauaji yenyewe hakuyatenda. Binti na mpelelezi wanatoka kituoni na siri yao. Hivyo katika kazi mbili zilizopendwa sana, Mwingereza wa kawaida alilipa kiingilio ili amwone polisi akidanganywa, polisi akificha ushahidi, na sheria ikimkosa mkosaji wake.

Nimeanzia London kwa makusudi, mbali na Songea, kusini mwa Tanganyika, ambako hoja yangu inaelekea. Katika miaka ileile dola iliyokuwa ikiwauzia watu wake burudani hiyo ilianza kufikiria sinema ya kuwapelekea raia wake wa Tanganyika, na hadithi ya uhalifu ilipovuka bahari ikageuka kabisa. London ilikuwa swali: nani mwenye hatia, na je, wenye mamlaka wenyewe ni safi? Tanganyika ikawa jibu lililokwisha andikwa: mwizi ni mwenzako, mjinga ni wewe, na serikali ndiyo kinga yako. Ninachodai ni kwamba mageuzi hayo hayakutokana na uwezo mdogo wa mtazamaji wa Kiafrika, kama maofisa walivyopenda kusema. Yalitokana na hofu ya kumwachia mtazamaji huyo nafasi ya kumshuku mkubwa. Historia ya watu wa Songea, waliokuwa miongoni mwa walengwa wa sinema hiyo na ambao mmoja wao alikuja kuwa nyota wake, ndiyo inayoufichua ukweli huo vizuri zaidi.

Wallace mwenyewe ni shahidi wa kwanza, kwa kuwa aliandika kwa ajili ya pande zote mbili. Mwaka 1907 alikwenda Kongo kuandikia gazeti la Daily Mail habari za ukatili uliotendwa chini ya utawala wa Mfalme Leopold. Kilichotoka katika safari yake ya Afrika, hata hivyo, ni hadithi za Sanders, Bwana Shauri wa Kiingereza anayetawala makabila ya mtoni Afrika Magharibi kwa kiboko na kitanzi. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1911, na mwaka 1935 Zoltan Korda akakitolea filamu. Katika The Ringer hatujui mkosaji ni nani mpaka dakika za mwisho. Katika Sanders of the River hakuna fumbo la aina hiyo: chifu mbaya anajulikana mapema, na kazi iliyobaki ni kumwadhibu. Mwandishi ni yuleyule na kalamu ni ileile, lakini Bwana Shauri hashukiwi hata mara moja. Polisi wa London anaweza kuwa muuaji aliyejificha. Mtawala wa Afrika hawezi kuwa chochote zaidi ya mtawala.

Huku Afrika Mashariki, hofu hiyo ya kuacha mkubwa ashukiwe iliingizwa katika utaratibu wa kazi. Sinema za biashara zilikuwa zimeshamiri katika miji ya pwani; Zanzibar ilikuwa na jumba lake maalumu, Royal, tangu mwaka 1921. Serikali za kikoloni ziliunda bodi za ukaguzi, na filamu moja iliweza kuruhusiwa kwa Wazungu na Wahindi huku ikizuiwa kwa Waafrika. Picha za ujambazi zilitiliwa shaka kuliko nyingine. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba Mwafrika angeiga: akiona mtu anavunja kabati la fedha kwenye kioo, kesho yake naye angevunja. Lakini tukiangalia walichokataa pamoja na wizi, picha inapanuka. Walichukia pia filamu zilizomwonyesha mzungu akilewa, akiiba au akidhalilishwa, kwa kuwa zilishusha heshima yake. Kama wasiwasi ungekuwa ni mbinu za wizi peke yake, rangi ya mwizi isingekuwa na maana.

Jibu la tatizo hilo lilikuwa kutengeneza filamu maalumu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kituo cha kazi hiyo kilikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe. Mradi uliitwa kwa kifupi BEKE, yaani jaribio la sinema ya elimu kwa Wabantu. Wazo lilitoka kwa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni, aliyekuwa amechunguza maisha ya wachimba migodi wa Rhodesia ya Kaskazini. Fedha nyingi zilitoka shirika la Carnegie la New York. Kazi ya kupiga picha iliongozwa na Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge, na upande wa elimu ulishikwa na G. C. Latham, aliyewahi kuwa mkuu wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini. Walitengeneza filamu fupi zipatazo 35. Picha zilichukuliwa bila sauti, na maneno yakarekodiwa pembeni kwenye sahani za santuri katika Kiswahili na lugha nyingine kadhaa, ili filamu moja iweze kuzungumza lugha ya kila mahali ilipofika. Kimsingi zilikuwa filamu bubu zilizoazimwa sauti, wakati kumbi za London zilikuwa zimekwisha kuiaga sinema bubu.

Moja ya filamu za mwanzo ilihusu Benki ya Akiba ya Posta, na ndiyo iliyo karibu zaidi na hadithi ya uhalifu. Vijana wawili wa shambani wanapokea mishahara. Mmoja anakwenda posta. Mwingine anachimba sakafu ya udongo ya kibanda chake na kuzifukia fedha humo, asijue kwamba jicho la mwizi linamwona. Akirudi kufukua, hazipo. Kwa upande wa ufundi, hiki ni kisa kilichobebwa na vitendo kuliko maneno: mkono unaochimba, uso unaochungulia, shimo tupu. Mtu yeyote anakielewa bila kuambiwa kitu, na hapo ile dhana ya kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inaanza kutetereka ndani ya kazi ya walewale walioishikilia. Ila mipaka ya kisa imewekwa mapema. Fedha zinaanza kuwapo pale dirishani zinapokabidhiwa. Zimetokana na nini, zilipaswa kuwa kiasi gani, na nani alikata nini kabla hazijafika mkononi, hayo yamebaki nje ya picha.

Mtu wa Songea aliyajua hayo yaliyobaki nje. Chini ya Waingereza, Songea iligeuka ghala la nguvukazi. Reli ilikuwa mbali, mazao ya biashara yalichelewa kuenea, na kodi haikusubiri. Wangoni na Wandendeuli waliondoka kwa maelfu kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, wakaitwa manamba. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, aliyewachunguza na kuchapisha matokeo yake mwaka 1955, aliwaona watu waliosukumwa na uhaba wa njia ya kupata fedha nyumbani, ambao uhamaji wenyewe haukuibadilisha hali ya huko walikotoka. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Songea ikawa moja ya sehemu ilizozitegemea. Kazi ilihesabiwa kwa kipande: siku 30 za kazi zilizopaswa kukamilika ndani ya siku 42. Ambaye hakutimiza kipimo cha siku hakuandikiwa siku hiyo. Wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, bei ya mkonge ilipoanguka, mishahara iliporomoka nayo. Na aliyechoka akatoroka kabla mkataba haujaisha alikuwa mhalifu kwa mujibu wa sheria: aliweza kushtakiwa na kufungwa.

Jambo hili la mwisho linahitaji kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa linahusu uhalifu wenyewe. Katika mashamba yale kosa la jinai lililomwandama mfanyakazi kila siku halikuwa kuiba wala kuibiwa, lilikuwa kuondoka. Mtunzi yeyote aliyetaka kisa cha kusisimua angekuwa nacho tayari: mtu anayekimbia usiku, mnyapara anayehesabu vichwa asubuhi, barua inayotumwa kwa Bwana Shauri, askari njiani. Wallace angetengeneza tamthilia nzuri kutokana na hayo. Hakuna aliyetumwa kuitengeneza, na Notcutt, aliyeyajua mashamba kwa ndani, alichagua shimo la sakafuni.

Pingamizi la kwanza ni la haki. Wizi katika kambi za vibarua ulikuwapo, sakafu haikuwa mahali salama, na akiba ya posta ilikuwa jambo jema. Serikali huru ya Tanganyika nayo iliendelea kuwahimiza wananchi waweke akiba. Kwa nini basi kulaumu filamu iliyosema kweli? Silaumu ushauri. Ninachopima ni mgawanyo wa lawama. Hadithi inayochagua mwizi mmoja na mjinga mmoja, wote wawili Waafrika, halafu ikamweka karani wa posta kama mwokozi, inafundisha mambo mawili kwa pamoja: hifadhi fedha zako, na matatizo yako yanatoka kwa wenzako. La kwanza lilikuwa kweli. La pili lilikuwa nusu ya kweli, na ile nusu iliyokosekana ndiyo iliyowagusa manamba zaidi.

Pingamizi la pili ni la kisanaa: hata The Ringer na Blackmail hazikuzungumzia mishahara ya wafanyakazi wa London, kwa hiyo ni uonevu kuidai sinema ya Vugiri ifanye kilichowashinda wakubwa. Ni kweli, Hitchcock hakuwa mtetezi wa vyama vya wafanyakazi. Lakini alimwachia mtazamaji jambo moja kubwa, nalo ni shaka. Anayetoka kutazama Blackmail anajua kwamba mpelelezi ameficha glavu, na anaamua mwenyewe kama amefanya vema. Filamu ya akiba haina glavu. Kila mtu amekaa alipopangiwa, na mtazamaji hakuachiwa neno la kuamua. Tofauti hiyo haihusu urefu wa filamu wala bajeti yake, kwa kuwa shaka haigharimu hata senti.

Baada ya serikali za makoloni kukataa kuubeba mradi wa Vugiri, na Vita vya Pili vya Dunia kuanza mwaka 1939, London iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni chini ya William Sellers, aliyepata uzoefu wake Nigeria katika kampeni za afya. Sellers alishikilia kwamba filamu kwa Waafrika lazima ziende taratibu, ziepuke ufundi wa kukatakata picha, na zionyeshe jambo moja kwa wakati. Filamu nyingi za kitengo hicho zilikuwa bubu, zikazungushwa vijijini kwa magari ya sinema huku mfafanuzi akisimama kando ya mtambo na kipaza sauti, akisimulia kwa lugha ya wenyeji. Hapo ndipo mpango ulipojiwekea mtego. Ofisa wa London aliweza kuamua picha gani ionekane, lakini sauti ilikuwa ya Mwafrika aliyesimama gizani mbele ya watu wake. Alipewa maelezo ya kufuata. Hata hivyo aliyekulia kwenye ngoma na masimulizi anajua kwamba maneno yaleyale yanaweza kusemwa kwa sauti ya kusifu au ya kukejeli, na hakuna ofisa asiyekijua Kiswahili cha mtaani ambaye angeweza kuikagua toni. Katika nafasi hiyo ndogo, sinema ya serikali ilianza kuhitaji watu wenye kipaji, na watu wenye kipaji huwa na mawazo yao.

Rashidi Mfaume Kawawa alikuwa mmoja wao. Alizaliwa mwaka 1926, mwaka uleule The Ringer ilipopanda jukwaani, katika kijiji cha Matimila, Songea. Alisoma Liwale, Dar es Salaam na Tabora, kisha akaingia kazini serikalini na kufika katika idara ya ustawi na maendeleo ya jamii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika iliingia mkataba na kampuni ya African Film Productions ya Afrika Kusini ili kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili, zenye sauti na waigizaji wa Kiafrika. Kawawa akawa nyota wake. Katika Muhogo Mchungu aliigiza mtu wa shamba anayefika Dar es Salaam na kuangukia mikononi mwa wajanja wa mjini. Aliigiza pia katika Chalo Amerudi. Kwa wakati ule uso wake ulijulikana kwa watazamaji kuliko sauti yake ilivyojulikana kwa wanasiasa.

Ukitazama kiunzi chake, Muhogo Mchungu ni mrithi wa ile filamu ya akiba. Mshamba bado anaibiwa, mwizi bado ni mwenzake, na mji bado ni hatari kwa asiyeambiwa. Serikali ilikuwa na wasiwasi juu ya vijana waliokuwa wakimiminika Dar es Salaam, na mshamba anayechekwa alikuwa onyo kwao. Lakini filamu hizo zilipendwa, na hilo ndilo pingamizi la tatu: kama zilikuwa mahubiri ya wakubwa, mbona watu walizifurahia? Jibu langu ni kwamba walifurahia kile ambacho mahubiri hayakuweza kukizuia. Walimwona mtu kama wao, akiongea lugha yao, akipita katika mitaa wanayoijua, akiwa kiini cha kisa. Kichekesho nacho kina tabia ya kuponyoka mikononi mwa aliyekiagiza. Anayemcheka mshamba leo anazikariri hila za mjini kwa ajili ya kesho, na wahenga walikwisha kusema: mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani.

Pingamizi la nne linamhusu Kawawa binafsi. Alikubali kazi hiyo. Je, si ushahidi kwamba hakuona ubaya ndani yake? Kuigiza hakumfungi mwigizaji kwenye maoni ya mwajiri wake. Jomo Kenyatta, akiwa mwanafunzi London, alipata nafasi ndogo ya kuigiza katika filamu ileile ya Sanders of the River, na hakuna anayedai kwamba Kenyatta aliukubali utawala wa Sanders. Paul Robeson, aliyekuwa na nafasi kubwa ndani yake, aliikana baadaye. Kwa Kawawa ushahidi ulio wazi zaidi ni wa miaka iliyofuata. Alikuwa kiongozi katika chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika, na mwaka 1955, Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, lilipoundwa, akawa katibu mkuu wake. Sitasema kwamba sinema ndiyo iliyomfanya kiongozi. Watu wengi waliongoza migomo bila kuwahi kuona kamera. Ninachosema ni kwamba mtu aliyelipwa kuigiza kisa ambamo mnyonge anaibiwa na mnyonge mwenzake alitumia miaka iliyofuata kusimulia kisa kingine, ambamo swali la kwanza lilikuwa mshahara unaamuliwa na nani.

Kisa hicho kilifika mpaka kwenye mkonge. Mwaka 1958 wafanyakazi wa shamba la Mazinde, katika tambarare hizohizo zilizo chini ya milima ya Usambara ambako BEKE ilipiga picha zake, waligoma kwa muda mrefu wakidai chama chao kitambuliwe badala ya mabaraza yaliyopangwa na wenye mashamba. Yaliyoachwa nje ya picha mwaka 1935, yaani dirisha la malipo, mnyapara na kipimo cha kazi, sasa yalikuwa katikati ya jukwaa. Miaka minne baadaye, Januari 1962, Julius Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama chake cha TANU, yule mshamba wa Muhogo Mchungu akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Na ndiyo serikali ya kizazi chake iliyorithi magari ya sinema.

Urithi huo unaleta pingamizi la mwisho, ambalo ni zito kuliko yote: serikali huru nayo ilitumia filamu kuhubiri, ikakagua picha, na haikupenda hadithi zinazomshuku mkubwa. Nakubali bila kusita. Kukubali huko hakuidhoofishi hoja, kunaipanua. Kipimo nilichokitumia kwa Wallace, Hitchcock na Notcutt hakijali bendera. Hadithi ya uhalifu inamheshimu mtazamaji pale inapomruhusu kudhani kwamba mwenye funguo za jela anaweza kuwa ndiye anayestahili kufungiwa humo. The Ringer ilikuwa burudani ya jioni moja, imejaa mikato na vioja, na haikukusudia kumkomboa mtu. Hata hivyo iliwapa watazamaji wa London heshima ambayo sinema ya hisani, iliyolipiwa na mashirika ya wema na kusimamiwa na watu wenye nia njema, haikuwapa manamba wa Songea. Wao iliwabidi waitafute katika vyama vyao, na kwa kuipata huko walithibitisha kwamba tangu mwanzo walikuwa na uwezo wa kuielewa filamu yoyote ambayo London ingethubutu kuwaonyesha.